Sabuni Iliyotafutiwa Wajina

Jirani yangu ni makanika, na zamani mikono yake ilikuwa haitazamiki. Grisi iliingia kwenye kucha, kwenye mistari ya viganja, hadi chini ya pete. Alinawa kwa sabuni ya kawaida, akanawa kwa petroli, wapi! Akishika shuka, shuka linabaki na alama za vidole. Siku moja mke wake alimwambia, "Baba watoto, kuanzia leo utalala na soksi mikononi, au nitafute dawa."

Akatafuta dawa. Mwanamke huyu hafanyi jambo nusu nusu. Alijifunza kupika sabuni, kisha akaanza kujaribu vitu vyake mwenyewe uani. Mwisho akatia mchanga laini sana, aliouchekecha kwa kitambaa. Makanika akanawa. Maji yakawa meusi tii, na mikono ikatoka safi kama ya karani. Mafundi wenzake walipoona, kila mmoja akataka kipande chake. Wakaanza kumwita Mama Sabuni, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Mimi nafanya kazi katika ofisi inayosajili majina ya biashara. Mtaani wananiita Dada Mihuri. Watu wanadhani kazi yangu ni kugonga mihuri tu. Kazi yangu kubwa ni kuwaambia watu "hapana", ndiyo maana sialikwi sana kwenye sherehe.

Sasa, sabuni hiyo Mama Sabuni aliipika jioni tu. Mchana alikuwa anafua mashuka kwenye hosteli ya wanafunzi. Mashuka yale ni mengi, na yakilowa ni mazito. Mgongo wake ulikuwa umeanza kukataa. Asubuhi alishuka kitandani kwa magoti, akashika ukuta, ndipo akasimama. Alitaka jambo moja tu: sabuni imlishe, aiage hosteli kabla mgongo haujamwangusha chini.

Nafasi ikaja. Kuna mzee mmoja mwenye duka la vipuri vya magari. Mafundi wote wa upande huu wananunua kwake. Alijaribu ile sabuni, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Mama, hii kitu ni moto," alisema. "Nitakupa rafu nzima, hapa mbele ya kaunta. Lakini siuzi vipande vitupu. Mteja akirudi ataitisha nini? Niletee sabuni yenye jina, na karatasi yake ya kufungia. Ila usichelewe. Kuna watu wa rangi za magari wanaitaka rafu hii."

Mama Sabuni alirudi nyumbani karibu anakimbia, mgongo ule ule.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo. Katika familia ya Makanika, hakuna anayetoa jina isipokuwa Shangazi. Shangazi huyu ni dada wa marehemu baba yake. Amewapa majina watoto wote wa ukoo, na mbwa, na hata pikipiki ya kwanza ya Makanika. Anaitwa Nyundo, na mwenyewe anajua, wala hachukii. Akisema neno, limepigiliwa. Hajawahi kuolewa, hana mtoto, anaishi peke yake nyuma ya kituo cha mafuta, na chumba chake kinang'aa.

Wakaenda kwake, mume na mke, na kipande cha sabuni kimefungwa kwenye leso.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mmekuja wawili, basi kuna jambo. Mimba?"

"Hapana, Shangazi," alisema Makanika. "Tuna sabuni. Inataka jina."

Shangazi akaifungua leso. Akainusa sabuni, akaigonga kwa kucha, akaiweka mapajani kama mtoto kweli. Halafu akaeleza utaratibu wake, ambao ukoo mzima unaujua. Mtoto hupewa jina la mtu aliyefanikiwa, apate kumfuata. Mtu huyo anakuwa wajina wake. Na ili wasichanganywe, mtoto huongezewa neno Mdogo. Ndiyo maana katika ukoo ule kuna Babu Mdogo, mwenye miaka minne, anayelia akinyimwa biskuti.

"Sabuni gani imefanikiwa kuliko zote?" Shangazi aliuliza.

"Ngamia Mweupe," alijibu Mama Sabuni. Hakuna duka lisilo na Ngamia Mweupe. Ni sabuni laini ya kuogea, na wazazi wanaogeshea watoto wachanga.

"Basi huyu ni Ngamia Mdogo. Amfuate mkubwa wake. Nimesema."

Msicheke. Hawa hawakutaka kumwibia mtu. Kwao ile ilikuwa heshima. Makanika akaenda kwa mpiga chapa na karatasi ya Ngamia Mweupe mkononi, akasema, "Nitengenezee kama hii, ila ngamia awe mdogo." Rangi ile ile ya bluu. Maandishi yale yale ya duara. Mpiga chapa naye hakuuliza, akachapa. Mimi nilikuwa safarini kikazi. Ningekuwepo ningepiga kelele mpaka mtaa wa pili usikie.

Karatasi zikaja, boksi zima. Kabla ya kwenda kwa mzee wa vipuri, Mama Sabuni alipeleka vipande vichache kwenye kioski cha mtaani, aone watu watasemaje. Viliisha siku hiyo hiyo. Nyumbani kulikuwa na vicheko.

Siku iliyofuata mwanamke mmoja alipiga hodi kwa nguvu. Amebeba mtoto mgongoni na karatasi ya bluu mkononi.

"Wewe ndiye mwenye Ngamia Mdogo?"

"Ndiyo, dada. Karibu."

"Sikaribii! Mtazame mwanangu."

Akamshusha mtoto. Mapaja yalikuwa mekundu, ngozi imekwaruzika. Mtoto akiguswa tu analia.

"Niliona Ngamia, nikajua ni ile ile yetu, wametoa ndogo ya watoto," alisema yule mwanamke, na sauti ikaanza kukatika. "Nikamwogesha usiku, taa hafifu, nikamsugua. Mama gani wewe unatia mchanga kwenye sabuni ya mtoto?"

Mama Sabuni aliomba msamaha, akaomba tena. Akawapeleka yeye mwenyewe zahanati, akangoja mpaka mtoto akapakwa dawa. Muuguzi alisema ngozi itapona baada ya siku chache, na kweli ilipona. Lakini Mama Sabuni aliporudi alikwenda kioski kuulizia walionunua, akakusanya vipande vilivyobaki majumbani mwao, kisha akaja kwangu. Nilikuwa nimetoka safari siku hiyo, begi bado liko mlangoni.

"Dada Mihuri," alisema, "nimemuumiza mtoto wa mtu." Akakaa kwenye sakafu, akalia.

Nilimwacha alie. Kuna kilio ambacho ukikikatiza unamdhulumu mtu. Alipomaliza nikampa maji, nikaichukua ile karatasi. Nikaitazama. Jamani! Nilishika kichwa.

"Jirani, hii ni karatasi ya watu."

"Si ya watu. Wao ni Mweupe, sisi ni Mdogo."

"Hebu simama pale mlangoni." Akasimama. Nikainua karatasi. "Soma kutoka hapo ulipo."

Akakunja macho. "Naona bluu. Naona ngamia."

"Hivyo ndivyo mteja anavyonunua. Hasomi kama anafanya mtihani. Anaona rangi, anaona picha, anachukua, anaondoka. Ukiweka ngamia kwenye sabuni, umemwambia hii imetoka kwa wale wenye Ngamia. Yule mama hakukosea. Karatasi ndiyo iliyomdanganya."

Makanika alikuwa amefika, amesimama nje ya mlango na ovaroli lake. "Sasa dada, kwani ngamia ni mali ya mtu? Si mnyama tu?"

"Ngamia wa jangwani hana shida," nilimwambia. "Fungua kampuni ya malori uiite Ngamia, huenda hakuna atakayekuuliza. Lakini kwenye sabuni, wenzako wameshamsajili. Jina, picha na rangi, vyote viko kwenye daftari la serikali. Wakiiona hii wana haki ya kukushitaki. Na hata kama wasingekuwepo, wewe umeweka sabuni ya grisi ndani ya nguo za sabuni ya mtoto."

Makanika akafuta uso kwa mkono. "Na mzee wa vipuri anataka jina wiki hii."

"Basi mpelekee. Lakini jina lenu."

Wakaanza kutupa majina pale pale, kila mtu na lake. Makanika akasema, "Tuiite Sabuni Bora."

"Kila muuza sabuni anasema yake ni bora. Neno hilo ni la wote, huwezi kulifungia ndani likawa lako. Ofisini nitakurudishia."

"Daktari wa Mikono," akasema Mama Sabuni.

"Wewe ni daktari? Usiahidi matibabu kwa sabuni. Kesho atakuja mtu mwenye vidonda."

"Sabuni ya Gereji!" Makanika alifurahi.

"Hilo linaeleza kazi tu, na mwenye gereji yoyote anaweza kulitumia. Halafu wapaka rangi je? Wachapaji je? Nao wana mikono michafu. Unajifungia mlango kabla hujaingia ndani."

"Ah, dada, na wewe!" alisema Makanika. "Kila kitu hapana. Sasa ndiyo naelewa kwa nini hatukualiki."

Tukacheka, hata Mama Sabuni. Nikawaambia ninachowaambia wote wanaokuja dirishani kwangu. Tafuta jina fupi, ambalo fundi atalitamka kwa haraka kaunta, na akilisikia mara moja halimtoki. Lisifanane na la mwenzako anayeuza kitu cha namna yako. Lisidanganye mteja. Kisha, kabla hujachapa hata karatasi moja, njoo tulitafute kwenye daftari kama lina mwenyewe. Na mjue kusajili ni kwa aina mbili. Jina la biashara yenu ni jambo moja, na alama inayokaa kwenye sabuni ni jambo jingine. Watu wengi wanasajili la kwanza, wanadhani wamemaliza.

"Tutafanya yote," alisema Mama Sabuni. Halafu uso ukamshuka tena. "Lakini nani atamwambia Shangazi?"

Makanika akatazama viatu vyake.

"Yeye alishasema Ngamia Mdogo," aliendelea mkewe. "Tukimkatalia jina, atasema tumemkataa yeye. Nitakosa rafu, na nitakosana na Shangazi. Bora nirudi kwenye mashuka yangu."

"Hurudi popote," nilisema. "Twende wote."

Ukweli, niliogopa. Nimewakatalia mawakili wenye tai, lakini yule bibi ni habari nyingine.

Tulimkuta Shangazi anafagia mlangoni. Makanika alieleza kwa shida, maneno yanapanda na kushuka. Alipofika kwenye mtoto aliyekwaruzika, Shangazi aliacha kufagia. Alipofika kwenye kubadili jina, akauweka ufagio ukutani.

"Kwa hiyo jina langu halifai."

"Si hivyo, Shangazi..."

"Nimewapa majina ninyi nyote. Wewe mwenyewe nilikubeba ukiwa na siku tatu. Leo sabuni imenishinda?" Akanigeukia. "Na huyu ndiye aliyewatia maneno?"

"Shikamoo, Shangazi," nilisema. "Ndiyo, ni mimi. Nina swali moja tu, kisha utanifukuza. Unapotaka kumpa mtoto jina la mtu, unafanyaje?"

"Unauliza kama hujui! Naenda kwa huyo mtu. Nakaa. Namwambia, tunaomba jina lako."

"Akikataa?"

"Akikataa basi. Kuna mtu alinikatalia, hatukumpa mtoto. Jina haliibwi. Na akikubali, anakuja kumwona mtoto, analeta zawadi, anakuwa na haki ya kumgombeza."

"Na mwenye Ngamia, nani alikwenda kumwomba?"

Shangazi alitazama barabarani, kama anayemtafuta mtu fulani kwenye msongamano wa magari.

"Hakuna aliyekwenda," alisema taratibu.

"Ndiyo sheria yangu ya ofisini, Shangazi. Haina tofauti na yako. Sisi tumeiandika tu."

Akakaa kwenye kiti chake cha plastiki. Mama Sabuni alikuwa ameshika mgongo wake kwa mkono mmoja, bila kujua kwamba ameushika.

"Kosa ni langu," alisema Shangazi. "Nilikuwa na haraka ya kuwafurahisha. Yule mtoto nitakwenda kumwona mwenyewe." Akavuta pumzi. "Basi tafuteni mtu anayeombeka, tumwombe."

Hapo Mama Sabuni akafanya jambo ambalo hakuna aliyempangia. Akapiga magoti mbele ya kile kiti, kwa maumivu yake yote.

"Shangazi, mimi nimemwona. Tunaomba jina lako."

"Langu lipi?"

"Nyundo. Mafundi wote wanajua nyundo ni nini. Ni fupi. Halidanganyi mtu kwamba ni sabuni ya kuogea. Na mimi nataka sabuni yangu iwe kama wewe. Ikisema itatoa grisi, itoe."

Yule bibi alitoa leso, akaanza kukunja, akakunjua, akakunja tena. Macho yalikuwa yamejaa.

"Ukoo mzima nimeutafutia wajina," alisema mwishoni. "Miaka yote hii. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba langu. Nilisema labda ni kali mno kwa mtoto."

"Kwa mtoto ndiyo, ni kali," alisema Makanika. "Kwa grisi ndilo lenyewe."

"Wewe nyamaza," alisema Shangazi, huku analia na kucheka. "Nimekubali. Nimesema."

Asubuhi yake walikuja dirishani kwangu, wakapanga foleni kama watu wengine, maana mimi sipendelei jirani. Tulilitafuta jina kwenye daftari. Kulikuwa na Nyundo mmoja, anauza misumari. Makanika akataka kuzimia.

"Tulia," nilimwambia. "Yeye ni misumari, ninyi ni sabuni. Mteja hawezi kuchanganya. Lakini hapa mimi siamui peke yangu. Maombi yatapitiwa na wenzangu, na yatatangazwa ili mwenye pingamizi aseme." Nikamwandikia Mama Sabuni barua fupi inayosema ameshaomba, ampelekee mzee wa vipuri. Hakuna aliyepinga, na cheti kilitoka.

Karatasi za bluu walizichoma zote, pamoja na boksi lake. Karatasi mpya ni ya njano, ina picha ya nyundo nyeusi. Chini imeandikwa kwa herufi kubwa: "Sabuni ya mikono yenye grisi. Ina mchanga. Usiogee. Usiogeshee mtoto." Maneno hayo ya mwisho aliyataka Mama Sabuni mwenyewe, na alikataa yapunguzwe hata moja. Karatasi ya kwanza alimpelekea yule mama wa mtoto, akamsomea. Yule mama akasema, "Sasa hii imesema ukweli," akamchukulia mume wake kipande kimoja.

Mzee wa vipuri alitoa rafu. Mafundi walijifunza jina siku ile ile. Mtu anaingia, mikono imemjaa oili, anasema, "Nipe Nyundo," na mwenye duka hanyanyui macho, anajua ni ipi.

Baada ya muda sabuni ilipungua rafuni haraka kuliko ilivyokuwa inakauka uani. Sabuni mbichi si nzuri, inachoma ngozi. Inatakiwa ikae wiki kadhaa mpaka ikomae. Lakini mzee wa vipuri alikuwa anapiga simu kila saa, na Makanika akaanza kufungia vipande vilivyo laini bado.

"Tuwapelekee tu," alisema. "Nani atajua?"

Shangazi alikuwa ameingia uani bila hodi. Siku hizi anakuja kila wakati wa kufungia, anasema ni haki ya wajina kumtazama mtoto. Akachukua kipande, akakibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikaingia.

"Hii inakwenda wapi?"

"Dukani, Shangazi. Wanasubiri."

"Jina la nani hili hapa?"

Makanika akakigeuza kipande mkononi.

"Nauliza. Jina la nani?"

"Lako, Shangazi."

"Basi rudisha ilipokuwa ikauke. Mzee wa vipuri mwambie asubiri, na akikasirika mwambie aje aniulize mimi."

Makanika alirudisha, kipande kimoja kimoja, akinung'unika. Mzee wa vipuri alikasirika kidogo, akasubiri. Wateja nao walisubiri. Hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kurudisha Nyundo kaunta.

Jana nilipita kwao kununua yangu. Mama Sabuni alikuwa uani anakata sabuni kwa waya, amesimama wima. Aproni aliyokuwa akivaa hosteli ilikuwa imetandikwa mlangoni, watu wanafutia miguu. Shangazi alikuwa amekaa kando, ana kipande cha njano mapajani.

"Shikamoo, Shangazi. Hujambo na wajina wako?"

"Sisi hatujambo," alinijibu, na akakipangusa vumbi kwa leso.